Jina la Emuria kwenye Kibali

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Hapana, nimekosea. Kumjua Emuria nilimjua mwaka huo wa kumi na mbili, lakini mtaro ulianguka kumi na tatu, mwezi wa pili, maana nakumbuka kuta zote za Lodwar zilikuwa na picha za wagombea na mbuzi walikuwa wakizibandua kwa ajili ya kulamba gundi. Kura zilipigwa wiki mbili baadaye. Basi ni kumi na tatu.

Emuria alikuwa mchimbaji. Alichimba mashimo ya vyoo, misingi ya nyumba na mitaro ya mabomba. Umri wake labda miaka arobaini. Mwenyewe alisema alizaliwa katika kiangazi kilichomaliza ngamia wa baba yake, na viangazi huku ni vingi. Kwao ni upande wa Katilu, si pale kwenye mashamba ya kando ya Turkwel, bali mbali kidogo, ambako mtu akitaka maji lazima achimbe kisima katika mchanga wa laga, yaani mto wa msimu uliokauka. Kisima hicho hushuka chini kiasi cha watu watatu au wanne wakisimama mabegani kwa wenzao. Wanapangana humo, wanapokezana karai, na yule wa chini kabisa anaimba.

Nilimuuliza siku moja kwa nini yule wa chini ndiye mwimbaji.

"Akinyamaza, apa, sisi tunajua mchanga imemchukua."

Apa kwao ni baba. Aliniita hivyo kwa ajili ya mvi zangu, maana mimi si Mturkana. Mimi ni Odongo, nilizaliwa Nyando, nikatembea tu hadi miguu ikanifikisha huko. Alipokwisha kusema hivyo akaongeza kwamba kaka yake aliwahi kunyamaza.

Wakati huo nilikuwa nalinda vifaa vya Bilha: sururu, majembe, makarai, kamba na wilbaro mbili. Bilha ni mama wa Kiluhya aliyekuja Lodwar kuuza mitumba akaishia kuwa kontrakta wa kuchimba. Tulimwita Mama Ashley. Alikuwa mtu mwema, nasema mapema ili msimchukie haraka. Mfanyakazi akiugua, yeye ndiye aliyepeleka uji.

Sasa Mama Ashley akapata kazi ya mtaro wa bomba la maji, kutoka kwenye tangi hadi nyuma ya soko. Kazi ndogo huwa hakuna anayeuliza chochote, lakini hii ilipita kando ya barabara na ilikwenda chini zaidi ya kimo cha mtu, kwa hiyo kanjo, yaani baraza la mji, wakataka kibali. Na kwenye fomu ya kibali kulikuwa na mstari wa kuandika jina la mtu mwenye ujuzi atakayesimamia usalama mahali pa kazi. Mama Ashley hangeweza kujiandika mwenyewe, yeye tayari alikuwa ameandikwa kama mwenye kampuni. Akatutazama wote tuliokuwa pale.

"Nani anajua kuweka sahihi?"

Wachimbaji walikuwa saba. Emuria peke yake aliinua mkono. Alikuwa amesoma ngumbaru kwa miezi mitano, na jina lake aliliandika vizuri, herufi moja moja, kama mtu anayepanga mawe ya mafiga.

Tukaenda naye kanjo. Aliazima shati langu. Mkaguzi alikuwa Bwana Mureithi, mtu wa Nyeri, mpole, aliyekuwa na kitambaa cha kujifutia vumbi ambacho chenyewe kilikuwa na vumbi. Alisoma masharti kwa Kiingereza kwanza, ndivyo ofisi zilivyo, halafu akamwona Emuria anavyotazama mdomo wake, akarudia kwa Kiswahili. Mtaro ukipita kifua cha mtu, kuta zizuiwe kwa mbao. Udongo uliotolewa urundikwe hatua mbili kutoka ukingoni. Ngazi iwepo. Utepe uzungushwe ili watu na mifugo wasitumbukie. Kibali kikae palepale kazini. Na mtu akiumia, msimamizi aje kutoa habari kabla siku haijaisha.

"Umeelewa, Emuria?"

"Nimeelewa."

"Ukiweka sahihi hapa, mtu akifia kwa huu mtaro sitatafuta Mama Ashley kwanza. Nitatafuta wewe."

Mureithi hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda posta. Emuria akaweka sahihi kwa sababu kalamu ilikuwa tayari mkononi na watu wanamngoja. Lakini tuliporudi alitembea nyuma yangu njia nzima, na nilipogeuka nikaona ameshika kile kibali kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshikie.

Tangu siku hiyo hakuwa mtu yule. Alikitia kibali kwenye mfuko wa nailoni, akakifunga kwa uzi, akakivaa shingoni ndani ya shati. Kila asubuhi alikuja nilipokaa na vifaa, akanisalimu kwa Kiturkana, "ejok, apa," akakitoa.

"Nisomee."

"Nimekusomea jana."

"Nisomee. Labda kuna kitu ilijificha."

Nami nilisoma. Kiingereza changu ni cha darasa la sita na kimepata kutu, lakini Mureithi alikuwa ametueleza, kwa hiyo nilikuwa nikikumbuka zaidi ya kusoma. Kurasa zilikuwa nne. Ule wa nne ulikuwa na mchoro wa njia ya mtaro, na mahali pamoja karibu na soko palichorwa mistari mingi ya kulala, na maneno madogo chini yake. Emuria aliuliza hiyo ni nini. Sikujua. Nilikuwa na aibu ya kusema sijui, baada ya kusoma kurasa tatu kama mwalimu. Nikamwambia ni picha ya barabara tu.

Akaridhika, akakifunga tena.

Kazi ikaanza. Kwa mbao tulingoja. Mbao za Lodwar ni za kutoka Kitale, na lori lililobeba zetu lilikuwa limefika Kainuk likasimama, maana kulikuwa na risasi barabarani na magari yalikuwa yakingoja kusindikizwa na askari. Siku ya kwanza Mama Ashley alisema mbao zitafika kesho. Siku ya nne alisema kesho. Siku ya sita hakusema.

Mureithi akaja na pikipiki, akatazama mtaro ulipofika kifua, akasema msishuke zaidi bila mbao. Halafu, akiwa tayari amepanda pikipiki, akamwambia Mama Ashley jambo jingine kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: kibali kinaisha mwisho wa mwezi, na baada ya kura kanjo yenyewe haitakuwepo, kutakuwa na kaunti, na yeye hajui nani atakuwa na muhuri, wala kama yeye mwenyewe atakuwa na kazi.

"Sasa mimi nifanye nini?" Mama Ashley akauliza.

"Fuata masharti."

"Masharti iko Kainuk, Bwana Mureithi. Imekaa ndani ya lori."

Mureithi akawasha pikipiki.

Yule mama hakulala vizuri, macho yake yalionyesha. Mwenye kazi ya bomba alikuwa amemwambia kibali kikiisha kabla ya mtaro, kazi anapewa mwingine. Asubuhi alimwita Emuria kando, nami nikiwa na makarai yangu pale niliwasikia.

"Emuria, ninyi si mnachimba visima kwa mchanga bila mbao? Watu wanne chini?"

"Tunachimba."

"Hiyo mchanga inashikwa na nini?"

Emuria alichota mchanga mkavu, akauacha utiririke kati ya vidole. Kisha akasema, "Na maji."

Ndivyo wafanyavyo lagani. Mchanga mkavu hutiririka kama mtama kutoka kwenye gunia, lakini ukilowanishwa hushikana. Kwa hiyo wao humwagia kuta za kisima maji kidogo kidogo asubuhi na adhuhuri, na ukuta hukaa. Emuria alikuwa amelifanya hilo tangu utoto. Ndilo jambo moja duniani alilolijua vizuri kuliko Mureithi na kuliko ile karatasi, na nafikiri ndiyo maana alilikimbilia.

Basi tukamwaga maji. Madumu yaliletwa kwa wilbaro, na Emuria mwenyewe alinyunyiza kwa kopo, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Akaweka na desturi ya wimbo. Yeyote aliye chini sharti aimbe, na wa juu asikie. Wachimbaji walicheka sana.

"Emuria anafungua kanisa."

"Mwacheni, ni mkubwa sasa. Jina lake iko ofisini."

"Na kama mimi sijui wimbo?"

"Hesabu mbuzi zako kwa sauti," Emuria akasema.

"Nikimaliza mbuzi? Ziko tatu."

"Rudia."

Hakutabasamu. Kila palipokuwa na ufa ukingoni alichomeka mwiba wa mgunga ndani yake, akabana vizuri. Mwiba ukianguka, basi ufa umepanuka. Nilimwona akienda mwiba kwa mwiba, akichuchumaa, akigusa kila mmoja kwa ncha ya kidole. Mchana wenzake walipokula, yeye alikuwa kule. Alikonda. Nilimwambia, mwanangu, kula. Akaniambia chakula kinashuka lakini kinarudi.

Siku tatu maji yalifanya kazi. Nisiwadanganye, kuta zilisimama kama zimejengwa. Tulipita kifua, tukapita kichwa. Mama Ashley akaanza kucheka tena na kuita watu majina ya utani.

Siku ya nne tukafika nyuma ya soko. Aliyekuwa chini ni Wal. Wal alikuwa Mdinka, mkimbizi wa kambi ya Kakuma, mrefu kiasi kwamba Emuria alimpenda kwa mtaro: alipotupa udongo juu, ulifika mbali, hatua mbili bila kusukumwa. Alikuwa amekuja Lodwar kwa hati ya ruhusa ya kutoka kambini, akae siku kumi na nne kwa mjomba wake, na hizo siku zilikuwa zimekwisha juzi yake. Alikuwa akisema Jumamosi atarudi, na Jumamosi ilikuwa haijafika. Wimbo wake ulikuwa wa ng'ombe dume, mrefu, usio na mwisho, na wenzake walimtania kwamba huyo dume angekuwa kweli angekuwa amekufa kwa uzee.

Udongo wa pale ulikuwa mweusi. Emuria aliuchukua mkononi, akaunusa, akaniletea.

"Apa, hii inanuka jivu."

"Watu wa soko wanachoma takataka," nikamwambia.

Akaurudisha. Akamwaga maji zaidi ya siku zote kwa sababu ule udongo ulikunywa haraka, kila kopo lilizama. Aliogopa ukavu, hilo ndilo aliloogopa, basi akanywesha na akanywesha. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Niliona mwiba mmoja ukianguka. Sikujua maana yake upesi. Niliuona tu, mwiba mdogo mweupe ukilala mchangani, na kabla sijafungua mdomo Emuria alikuwa amesimama wima, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Wimbo ulikuwa umekatika.

Hakukuwa na kishindo kama mnavyofikiri. Kulikuwa na sauti ya kama mtu anayeketi kwenye kitanda cha kamba. Ukuta wa upande wa soko ulikuwa umelala ndani, wote, na maji yake na jivu lake na vifuniko vya chupa na mifupa ya mbuzi ya miaka mingi, na pale alipokuwa Wal palikuwa sawasawa kama pengine.

Emuria aliingia. Wenzake wakapiga kelele asiingie, ukuta wa pili unakuja. Aliingia hivyohivyo na akachimba kwa mikono, kama wafanyavyo kisimani, maana sururu haichagui udongo na mtu. Na huku akichimba akawa anaimba. Ule wimbo wa dume wa Kidinka, ambao maneno yake hakuyajua, alikuwa akiufuatisha kwa sauti tu. Nafikiri alitaka Wal ajue wa juu bado wapo. Au labda yeye ndiye hakuweza kuvumilia kimya. Wawili wakashuka kumsaidia. Mimi nilishika kamba ambayo haikufungwa kwa mtu yeyote. Nilisali sala moja nikaisahau katikati nikaanza upya, mara ngapi sijui.

Kichwa kikatoka. Kilikuwa cha kijivu, macho yamefungwa, mdomo umejaa. Emuria akautoa udongo kwa vidole. Tukangoja. Kisha Wal akakohoa, na alipoweza kusema, akasema, "Ya Emuria, wimbo ulikuwa bado."

Hakuna aliyecheka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeelekea kusiko.

Mama Ashley alifika mbio, viatu mkononi. Alipiga magoti, akampangusa Wal uso kwa kanga yake. Kisha akasimama, akatutazama, na nikaona woga wa Emuria umemwingia na yeye, kama moto unavyoruka kutoka paa hadi paa.

"Ako na ruhusa?"

"Imeisha," Wal akasema mwenyewe.

"Basi hapa hospitali wataandika. Wakiandika, polisi watakuja, Mureithi atakuja." Akafikiri. "Apelekwe Kakuma. Huko ni kwao, ako na kadi. Aseme alianguka huko."

"Mureithi alisema kabla siku iishe," Emuria akasema. "Alisema mimi ndiye niende."

"Emuria, nisikilize. Ukienda leo, unafungwa leo. Mtu hakufa. Kama hakufa, hakuna kitu imetokea. Panda gari na yeye."

Alipanda. Alimshikilia Wal kichwa njia yote ya Kakuma, huku kibali kikiwa shingoni, na jua la siku ile likazama bila mtu kwenda ofisini.

Mbao zilifika siku mbili baadaye, Emuria bado hajarudi. Mtaro ulimalizwa na watu wengine, ndani ya muda wa kibali. Nilikutana na Mureithi sokoni kabla ya kura, naye akasema kitu kwa kupita tu, bila kujua uzito wake kwangu: kwamba alishangaa vile tulivyopita nyuma ya soko salama, maana pale palikuwa shimo la taka la zamani lililofukiwa, na yeye aliweka mistari kwenye mchoro ili tukapite mbali. Ukurasa wa nne. Nikamwambia ndiyo, tulipita salama. Nilikaa siku nyingi na uongo huo pamoja na ule wa kwanza.

Mimi si mtu wa kukaa. Mwezi wa nane nikatembea hadi Kakuma, nikamkuta Wal kambini kwenye kibanda cha kuchaji simu, mguu wake haukunji, ameuweka juu ya kreti ya soda. Dada yake Aluel aliniletea chai. Emuria alikuwa ameketi nyuma ya kibanda, mgongo ukutani, macho barabarani.

"Anakaa hapo kutwa," Wal akasema. "Land Cruiser ikipita, anaingia ndani. Mimi ndiye nilizikwa, mzee. Yeye ndiye anaogopa."

"Kazi hafanyi?"

"Anabeba maji. Shimo hata fupi hataki. Hata choo ya hapa, anaingia mlango wazi."

Nikaenda na chai yangu, nikaketi karibu na Emuria. Alinisalimu, kisha akatoa ule mfuko wa nailoni. Karatasi ilikuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo. Akaniambia alichokiwaza miezi yote ile: sahihi yake bado ipo. Kura zimepita, lakini mahali fulani kuna kitabu, na ndani yake jina lake, na mbele ya jina lake siku ambayo hakwenda. Wakimpata leo au baada ya miaka kumi ni mamoja. Nyumbani Katilu hajaenda, asije akawaongoza polisi kwa mama yake.

"Wewe unajua ofisi, apa. Nenda waambie watoe jina. Sitachimba tena. Watoe tu."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya ukurasa wa nne. Nilimweleza yote, hata aibu yangu. Alisikiliza akitazama mikono yake. Gari likapita, naye hakuinuka.

"Basi tuko wawili," akasema mwishowe. Akavuta ile chai yangu iliyopoa, akainywa, na Aluel akaniambia baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona akinywa kitu chote hadi chini.

Nilirudi Lodwar na kibali kile mfukoni mwangu. Kwenye bango la ofisi, lile neno kanjo lilikuwa limepakwa rangi juu, na juu ya rangi limeandikwa kaunti. Mureithi alikuwa amehamishwa. Mmoja akasema Maralal, mwingine Nyeri. Nilipelekwa chumba cha pili, kisha cha tano, kisha nikarudishwa cha pili. Huko kulikuwa na kijana mtaratibu aitwaye Cheruiyot, mezani kwake kuna mafaili yamefungwa kamba. Aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Hii ni ya kanjo, mzee. Kanjo haiko."

"Najua. Nataka jina litolewe."

"Kwa nini? Kulikuwa na ajali?"

Nilivua kofia, nikaikunjakunja mikononi. Kijana alingoja kidogo, akanirudishia kibali, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Nilisogea pembeni lakini sikutoka, nikamuuliza kutoka pale ukutani, na baadaye nimewauliza wengine wengi, chifu, padri, hata mwanasheria mmoja niliyekaa naye kituo cha basi Kitale: ikiwa ofisi iliyoandika jina la mtu imekufa, na mtu bado yu hai na anaogopa, ni nani aliyebaki na mamlaka ya kulifuta?